Kitambaa cha Redio

Jumatatu, 3 Machi

Haya mkwe, andika. Nimeamka magoti yote mawili yanakubali. Nashukuru. Mimi na kalamu hatukujuana, mkono wangu ni huyu mkwe, mke wa mwanangu. Tumekubaliana: anaandika kama ninavyosema, hapunguzi, hapambi, na daftari likifungwa hamwambii mtu. Hata mumewe! Ingawa mumewe nimemzaa mimi.

Leo kaja mgeni. Binti wa chuo kikuu, mwembamba, begi kubwa kuliko yeye. Nikadhani anauza sabuni. Kumbe anatafuta moshi! Nikamwambia, mwanangu, umefika, hapa tunao wa kugawa. Maana kati yetu na karakana ya mwanangu ni ukuta mmoja tu. Watu wote wanamwita Fundi, hata mimi jina nililompa nalisahau. Anayeyusha vyuma chakavu: sufuria zilizotoboka, makopo ya soda, vifuniko vya injini vimejaa grisi. Asubuhi wanachambua, saa nane mchana wanawasha tanuri, jioni alumini imelala kwenye kalibu ikipata umbo. Kesho yake, sufuria mpya. Kitu kilichotupwa jaani mtu anapikia tena! Naipenda kazi hiyo.

Binti kafunga kisanduku cheupe dirishani kwangu. Ndani kina feni ndogo kama ya mdoli, inavuta hewa, inahesabu vumbi. Punje kwa punje! Nikamuuliza inajua kuhesabu mpaka ngapi. Alicheka mpaka akakaa chini. Nampenda mtu anayecheka vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Binti karudi. Fundi alikuwa ameninong'oneza jikoni: Mama, huyo kaletwa kutufungia kazi. Nikamjibu, funga mdomo kwanza, mgeni hajamaliza chai.

Anauliza habari za upepo. Hapo kafika kwa mwenyewe! Miaka arobaini naanika nguo kwenye ua huu. Tanuri likiwashwa saa nane, masizi yanatua kwenye kamba ya jirani yetu mshonaji. Ikigonga saa tisa, upepo unageuka, yanakuja kwangu, mashuka yanakoma. Akaandika yote. Akasema kompyuta yake hilo la saa tisa ilikuwa hailijui. Sikiliza hiyo! Mimi nisiyejua a wala be, nimeifundisha kompyuta.

Nikamuuliza, hivi visanduku sita ulivyofunga mtaa mzima vinatosha nini? Akasema, Bibi, wewe ukipika unaonja mchuzi wote? Unaonja kijiko kimoja, unajua chungu kizima. Basi kompyuta nayo inaonja hapa na pale, halafu inachora ramani moshi unatoka wapi na unakwenda kwa nani. Nimemwelewa! Hakuniona mjinga, kanieleza. Mungu amzidishie.

Lakini kisanduku chenyewe kinanitia huruma. Kitu cheupe vile, cha watu, kikae kwenye masizi? Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na redio ikadumu miaka thelathini, kwa sababu kila ikimaliza taarifa ya habari niliifunika. Kitambaa chake ninacho bado, kile cha maua. Kwa hiyo saa nane, Fundi akiwasha tu, nakivika kisanduku mfuko wa plastiki, halafu kitambaa juu yake. Jioni moto ukizimwa nakifunua. Mali ya mtu lazima uitunze.

Jumanne, 11 Machi

Kadogo kakohoa tena. Mjukuu wangu, miaka minne. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Mkwe anayeandika hapa, ni mwanawe. Fundi anasema mafua. Mafua ya miezi mitano! Tanuri hilo ndilo lililotuweka mjini mume wangu alipofariki, limelisha nyumba hii na nyumba za vijana wanane wanaofanya kazi pale. Siwezi kulitukana.

Leo ni hayo tu. Nimechoka.

Ijumaa, 21 Machi

Ramani imekuja! Karatasi kubwa kama shuka. Penye rangi nyekundu moshi umezidi, penye kijani ni salama. Jumatatu wakubwa wa mji wanakutana, na matanuri yaliyo kwenye wekundu yatasimamishwa. Mpaka lini, hakuna anayejua.

Sisi kijani! Fundi alininyanyua juu, mzima mzima, na uzito wangu huu. Nikampiga kofi la bega: nishushe, utamuua mama yako siku ya furaha!

Wekundu umemwangukia Mzee Miko, kule mwisho wa mtaa, anayeyusha vyuma atengeneze miiko na vijiko. Tanuri lake dogo, kama kibanda cha kuku. Alikuja kuitazama ramani. Akaweka kidole kwenye wekundu, akasema, haya. Akaondoka.

Binti akanishika mkono. Bibi, samahani, ule upepo wako wa saa tisa nimeuondoa kwenye hesabu. Kisanduku kinasema kuanzia saa nane hewa ya hapa ni safi kuliko asubuhi. Fundi akadakia: Mama, huo uzee! Wakacheka wote. Nami nikacheka.

Halafu nikaenda kutazama mashuka. Meusi.

Jumamosi, 22 Machi

Mkwe, kaa karibu. Hili andika polepole.

Saa nane nimekwenda kukifunika kisanduku kama kawaida. Nimekivika mfuko, nikasikia kile kifeni kinavuta, kinavuta, kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikasimama na kitambaa mkononi.

Jamani! Ni mimi!

Kijiko kimoja ndicho kinachoonjwa, nami kila siku nimekitia kwenye maji ya kisima. Kompyuta ya watu ikaamini. Moshi wetu ikambebesha Mzee Miko. Upepo wangu haukukosea hata siku moja.

Nimekivua mfuko, nikaacha kisanduku wazi. Kitambaa nimekikunja, kiko mapajani. Sijui niwaze nini. Nikisema, Fundi anasimama, na vijana wanane. Nisiposema, anasimama mzee aliyesingiziwa. Na Kadogo anaendelea kushika ukuta, huku ramani inasema hewa yake safi.

Mkwe kainama tu anaandika. Nashukuru hata kwa hilo. Mwingine angekuwa ameshakimbilia kwa mumewe.

Jumatatu, 24 Machi

Asubuhi. Magoti yamegoma, ila macho yanaona, namshukuru Mungu kwa yanayofanya kazi. Mkutano saa nne. Nimempigia binti simu, nikamwambia pitia kwangu kwanza, kuna jambo la kisanduku. Akauliza kimeharibika? Nikasema kizima kabisa, kimetunzwa kupita kiasi.

Fundi yuko hapa sebuleni, kavaa shati alilofungia ndoa, anatafuta kiatu cha pili. Anapiga mluzi. Ananiuliza, Mama, na leo mnaandika? Mnaandika nini siku zote ninyi wawili? Nikamwambia, tunaandika uzuri wako. Kacheka. Nimemzaa mwenye meno mazuri.

Binti huyo mlangoni, na begi lake. Bibi, shikamoo, kisanduku kimefanya nini? Marahaba mwanangu, kaa. Fundi, nawe kaa. Acha kiatu.

Nimefungua kitambaa mapajani. Wanakitazama. Fundi anasema, si kile cha redio ya baba? Ndicho.

Sasa ulimi umekauka. Mimi! Mdomo huu, usiopumzika hata nikilala! Kadogo anakohoa chumba cha pili, sote tunasikiliza, hata mluzi umekatika.

Mkwe, mbona kalamu imesimama? Andika. Andika kwamba nashindwa.

Mkwe anasema, Mama, nipe hicho kitambaa, nitawaambia mimi. Basi chukua, mwanangu. Weka kalamu chini uwa—