Kanga ya Kulwa

Zuhura mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Ilala tu wazima. Shangazi yako kajifungua salama. Unaniuliza utayatofautishaje mtihanini maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana. Kiingereza sikijui, lakini mapacha nawajua.

Enzi za Mwingereza nilimpenda Kulwa, binti wa Kariakoo. Nikampelekea kanga, kumbe nimemkabidhi Doto, pacha wake! Akajifunga papo hapo, nami nikaona haya kumnyang'anya. Baadaye ndipo nilipogundua: Kulwa hukaa na wasuka mikeka, Doto na wacheza ngoma. Nawe usiikodolee macho sura ya neno, tazama hukaa na maneno gani.

Mimi kosa langu nililioa. Ndiye bibi yako, ananicheka hapa. Mtihani hauna huruma hiyo.

Babu yako