Chupa Zilizosuuzwa Mara Moja

4 Machi

Kwa wifi yangu mkubwa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, na mama mkwe amepata nafuu ya goti. Sisi huku wazima. Kaka yako anakohoa kidogo ila anakula vizuri.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa watu. Makala yangu imekubaliwa na jarida kubwa. Nitakueleza kwa lugha nyepesi. Hamira ni seli moja tu, lakini ndani yake mna protini inayopima chakula. Naitrojeni ikiwepo, protini inaiamuru seli ikue na kugawanyika. Ikiisha, protini inanyamaza, seli inaacha kukua, inatulia ikisubiri. Mimi nina hamira niliyoiharibu makusudi: protini yake hainyamazi. Ukiinyima chakula inaendelea kujilazimisha kukua, na siku ya tatu inakufa. Ndivyo vitabu vinavyosema. Yangu, tangu Oktoba, haifi. Siku ya kumi bado i hai. Maana yake ina njia ya pili ya kutambua njaa, ambayo hakuna aliyewahi kuiona kabla yangu.

Wananipandisha kuwa mkuu wa idara.

Najua una kinyongo kwa jinsi ulivyoachishwa kazi hapa maabara Septemba. Nilisaini kwa sababu kanuni inataka vyeti, nawe huna. Haikuwa dharau. Kila mtu ana ngazi yake.

Wifi yako,
Daktari


19 Machi

Wifi,

Barua imefika. Mimi mzima, mama mzima, na goti lake tunalishughulikia wenyewe. Mwambie kaka yangu anywe maji ya moto, aache kukohoa kama mbuzi.

Umenieleza kwa lugha nyepesi, asante. Miaka ishirini na miwili nimezipikia hizo hamira chakula: chenye naitrojeni mkitaka, kisicho nayo mkitaka. Ulipokuja pale na koti jeupe lenye mikunjo ya dukani, nani alikuonyesha kwamba chupa yenye hamira safi inanuka mkate, na iliyoingiwa na vijidudu inanuka soksi? Siku hiyo hukuniuliza cheti.

Sasa nina swali moja. Mimi nimeondoka Septemba. Hamira yako imekataa kufa kuanzia Oktoba. Nani anaosha chupa?

Wifi yako mkubwa,
Bi Chupa, kama mlivyokuwa mkiniita mkidhani sisikii


2 Aprili

Wifi mkubwa,

Salamu. Sote wazima.

Nilicheka mpaka nikamsomea kaka yako. Yeye hakucheka, lakini unamjua, hacheki kitu. Chupa zinaoshwa na mashine. Inaosha mia mbili kwa saa, haiumwi kiuno na haisengenyi. Zikitoka hapo zinaingia kwenye jiko la mvuke, hakibaki kiumbe hai. Wataalamu watatu wameipitia kazi yangu kwa niaba ya jarida, na hakuna aliyeuliza habari za kuosha vyombo. Tusichanganye sayansi na jikoni.

Usijisumbue kujibu.

Wifi yako,
Daktari


11 Julai

Wifi mkubwa,

Hujambo? Mama hajambo? Nimekaa kimya muda mrefu, kazi zilinizonga.

Maabara mbili zimejaribu kurudia kazi yangu. Kwao hamira inakufa siku ya tatu. Nadhani wana mikono mizito. Hata hivyo, kwa kumbukumbu tu: wewe ulikuwa ukisuuza mara ngapi?

Wifi yako


20 Julai

Wifi,

Sisi hatujambo. Salamu zako zimefika zimekonda, na ule udaktari wa chini ya barua sijui umedondoka wapi njiani.

Kwa kumbukumbu tu. Haya, kumbuka. Brashi mpaka ndani, sabuni isiyo na harufu, maji ya bomba mara tano, kisha maji safi ya maabara mara tatu. Nane. Mashine yenu inasuuza mara moja.

Chupa zenu zina shingo nyembamba. Zinatoka kazini zimejaa ule mchuzi mzito wa kukuzia, wenye naitrojeni ya kushibisha ukoo. Mchuzi unagandia begani mwa chupa. Mashine inarusha maji yanapiga kitako, bega halifikiwi. Jiko la mvuke linaua vijidudu, sawa, lakini chakula halikifuti, linakipasha moto. Halafu unamimina humo chakula chako kisicho na naitrojeni, na mabaki yanayeyuka. Hamira yako haina njia ya pili, wifi. Ilikuwa inalamba sufuria.

Chukua chupa sita. Tatu iachie mashine. Tatu zioshe wewe, kwa mkono uleule uliosaini. Subiri siku tatu.

Wifi yako mkubwa


30 Septemba

Wifi,

Siulizi hali. Kaka yangu ameshanieleza: huli, na kwenye sherehe ya ukuu wa idara ulihutubia kama mtu anayesoma wosia. Siku tatu zimekuwa sabini. Basi hamira za chupa ulizoosha zilikufa.

Nasikia pia umempa yule mwanafunzi wako wa miwani miaka minne ya kuitafuta hiyo njia ya pili. Binti wa watu anapapasa ukuta akitafuta mlango, na wewe unajua hakuna mlango.

Sitamwambia mtu. Si kwa huruma. Nani atamwamini mwosha vyombo, na hilo ndilo unalolitegemea. Nilikudhania mwenye kiburi, na kiburi nakiheshimu kidogo. Kumbe ni woga uliosomeshwa.

Wifi yako mkubwa


18 Oktoba

Wifi mkubwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mnaendelea vizuri.

Zilikufa. Tatu za kwangu zilikufa siku ya tatu, za mashine zikaendelea kuishi. Nikaosha sita nyingine, zikafa. Nikaosha kumi na mbili. Nilikuwa ninaosha wakati wenzangu wanakwenda kula mchana, mlango nimefunga kwa ufunguo, nisionekane na brashi.

Wiki iliyopita nilisahau ufunguo. Yule binti aliingia akanikuta mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. Akaniuliza ninafanya nini, nikamweleza. Akavua miwani.

"Umejua tangu lini, mwalimu?"

Nikasema, "Tangu Julai."

Alikusanya madaftari yake, na sasa yuko chini ya mwalimu mwingine. Ananisalimu kwa adabu sana.

Jumatatu nimeliandikia jarida waiondoe makala. Jana nimeachia ukuu wa idara. Usifurahi, sikufanya kwa ajili yako. Ila wanataka kujua kosa liligunduliwa na nani. Niandike nini?

Wifi yako


2 Novemba

Wifi,

Marahaba. Imechelewa miaka kumi na mmoja, lakini nimeipokea. Sisi wazima.

Sikufurahi. Nilijaribu. Nilipika chai nikakaa barazani ili nifurahi, chai ikapoa.

Andika jina langu lote, lile la kwenye kitambulisho. Kama hulijui, muulize kaka yangu. Baada yake andika: mpishi wa maabara. Usiandike kwamba sisi ni ndugu. Watadhani umenipendelea, na mimi sijawahi kupendelewa na wewe.

Yule binti ameniandikia. Anataka nimfundishe kuosha, yeye na wenzake, kwa sababu anasema hataki tena kuamini chupa asiyoijua. Ana mwandiko mbaya na akili nzuri. Nitakuja Jumatatu, nikae siku tatu. Nitafikia kwa kaka yangu. Kama na wewe unaishi humo, hayo ni yenu.

Somo linaanza saa mbili asubuhi. Ukitaka kuja, njoo na aproni, simama nyuma ya wanafunzi, na ukiwa na swali nyoosha mkono.

Bado sikupendi. Kula.

Wifi yako mkubwa