Kufuli la Kontena na Pikipiki ya Kabureta

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: lipo kwenye jalada, mtaani anaitwa Spana
Jinsia: mwanamke. Umri: miaka 31
Kazi: fundi wa pikipiki
Makazi: chumba cha uani, nyumbani kwa dada yake

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa niseme kweli, na ninajua maneno yangu yanaweza kupelekwa mahakamani.

Ninafanya kazi kwenye karakana ya shemeji yangu, mume wa dada yangu. Tunachukua pikipiki za kawaida na kuziunda upya kama mteja anavyotaka. Karakana ni kontena la chuma. Lina mlango mmoja na dirisha dogo la nondo, ambalo tuliliziba kwa magazeti ili vumbi lisiharibu rangi.

Pikipiki inayohusika ilikuwa ya injekta, yaani petroli inapulizwa kwenye injini kwa amri ya kompyuta. Mteja aliitaka ya kabureta, mtindo wa zamani usiohitaji kompyuta kuingiza petroli, ili ikimharibikia safarini aitengeneze mwenyewe. Niling'oa injekta, nikaziba tundu lake, nikafunga kabureta. Kompyuta niliiacha kwa ajili ya cheche za kuwasha injini tu. Pampu ya ndani ya tangi niliitoa, kwa sababu inasukuma petroli kwa nguvu ambayo kabureta haiwezi kuihimili. Tatizo ni kwamba tangi jipya alilolitaka mteja lilikaa chini mno, petroli ikawa haishuki vizuri. Nilimwambia shemeji tunahitaji pampu ndogo, anipe siku mbili. Akasema, "Pampu ni pampu, shemeji. Usinifungulie darasa hapa."

Mnamo tarehe 9, siku ya Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, nilifika kazini pamoja na fundi rangi. Tulikuta shemeji ameirudisha ile pampu kubwa mwenyewe na kujaza tangi. Alichukua simu zetu, akasema zinatupotezea muda. Akasema, "Mteja anakuja saa nane. Mkitoka nje hamtamaliza." Akatoka. Nikasikia kufuli: shemeji alitufungia. Haikuwa mara ya kwanza. Alishatufungia mara tatu kabla ya hapo, na nilinyamaza kwa sababu ninakaa kwake.

Saa tatu hivi niliona sakafu imelowa chini ya tangi. Mpira wa pampu haukukaa sawa. Nilijaribu kukaza boliti, moja ikakatika, petroli ikaanza kumwagika kama maji ya bomba. Nikaweka beseni, likajaa. Nikachana magazeti dirishani. Taa sikuizima, maana kuzima nako kunaweza kutoa cheche. Nikagonga mlango kwa nyundo ya mpira. Ya chuma niliiogopa.

Fundi rangi alianza kucheka peke yake. Nikampandisha juu ya tairi aweke pua dirishani. Akaniita mama. Kisha miguu ikamwishia nguvu, akaanguka. Ni mtu mzito. Nilimvuta, nikamvuta tena, sikuweza kumwinua. Mvuke wa petroli hukaa chini.

Fundi wa kuchomelea wa jirani alisikia kelele, akaja na grainda ili akate kufuli. Nilipiga ukelele mpaka sauti ikakauka: "Usiwashe! Humu ni petroli tupu!" Akaiweka chini. Akampigia shemeji simu. Nilimsikia shemeji kwenye spika akisema, "Wavumilie kidogo, niko na mtu. Hao wanapenda kulalamika." Simu ikakatwa.

Mchomeleaji akaniuliza, "Boliti za komeo namba ngapi, dada?"

Nikamjibu, "Kumi na saba."

Alizifungua kwa spana ya mkono, zote nne, huku akizimwagia maji. Ya tatu ilikuwa na kutu. Nilikuwa nimebandika mdomo kwenye nondo za dirisha, nahesabu mizunguko ya spana yake. Sikumtazama fundi rangi pale chini. Hilo sikuulizwa, ninalisema mwenyewe.

Mlango ulifunguka saa nne na dakika kumi. Fundi rangi alipelekwa hospitali na bado yuko huko. Jana alifumbua macho, lakini hakumtambua mke wake.

Leo, kabla sijaingia humu, dada yangu alinikuta kwenye geti la kituo cha polisi. Akanishika mkono, akasema, "Mdogo wangu, sema kufuli lilijifunga lenyewe. Hawa watoto nitawaambia nini?" Nilimwambia kufuli lile halifungi mpaka uzungushe ufunguo. Akauliza, "Sasa leo utarudi kulala wapi?" Nikautoa mkono wake, nikaingia humu.

Ninayoyajua ni hayo. Haya ndiyo maelezo yangu, na hakuna aliyenitia maneno mdomoni.

Saini ya shahidi: (ametia saini)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akayakubali isipokuwa mahali pamoja. Katika nakala ya kwanza niliandika, "mlango ulikuwa umefungwa." Shahidi alikataa kutia saini. Aliomba niandike, "shemeji alitufungia." Nimerekebisha kama alivyoomba.