Alichorithi Kitinda

12 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumai kifua kimepata nafuu na nyumbani wote hamjambo. Mimi mzima, ila baridi ya maabara inanila vidole.

Umeniuliza ugonjwa wa mdogo wangu Kitinda umetoka wapi. Daktari hakukosea: miguu inalegea kwa sababu mitokondria zake ni dhaifu. Hivyo ni vijumba vidogo ndani ya seli vinavyoupa mwili nguvu, na ndivyo ninavyovisomea mimi. Kila mtu huvipata kwa mama yake tu, baba hana mchango. Kwa hiyo, mzee wangu, wewe umesalimika.

Nina jaribio linaningoja, acha niishie hapa. Msalimie mama.

Bintiyo

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia, lakini nyumba imepoa.

Barua yako niliisoma kwa sauti, dada zangu wakiwepo. Shangazi yako mkubwa akasema, "Si niliwaambia? Ule ukoo una kitu." Mama yako alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya mpaka vikaisha. Na mimi sikumtetea. Jumapili alimfungia Kitinda nguo zake, wakaenda kwa mama yako mdogo. Hawajarudi.

Sikulaumu, msomi ni wewe. Ila niambie, hakuna namna nyingine jambo hili linavyoweza kuwa?

Baba yako

19 Agosti

Baba,

Shikamoo. Hata kukujulia hali naona haya, kwa jinsi nilivyokaa kimya. Barua yako ilishinda mfukoni mwa koti langu la maabara. Kila nikianza kukujibu nachana. Nilitaka kwanza majibu ya ile damu niliyowaomba kupitia kwa daktari mkatoe, wewe na mama, kila mmoja alipo. Yametoka.

Vijumba hutoka kwa mama, hilo kweli. Lakini karibu protini zote zinazovijenga hutengenezwa nje yake, kwa maagizo ya jeni zilizo kwenye kiini cha seli, na jeni hizo tunapewa na baba na mama. Kuna protini za utando wa nje, yaani ukuta wa kijumba. Hupenya kwanza kwenye tundu la ukuta zikiwa zimenyooka kama uzi, zikapokelewa kwa ndani. Kisha mtambo mwingine, uliomo kwenye ukuta huohuo, huzikunja kidogo kidogo, kama wewe unavyokunja bati liwe bomba, na kuzipachika palepale. Mtambo huo kwa Kitinda una kasoro. Protini zinafika, lakini nyingi hazipachikwi.

Aliyeirithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu haumwi. Kitinda amepata mbili: moja kwa mama, moja kwako.

Mtambo huo ndio kazi yangu ya kila siku, baba. Nilijua hata baba huweza kuchangia. Nilitaka kukutua mzigo wewe, nikaandika mbio mbio, nikamtwika mama. Dawa bado hatuna, na sitakudanganya. Mfuate, tafadhali.

Bintiyo

7 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mwili mzima, namshukuru Mungu.

Barua niliipeleka. Mama yako alinivutia kiti kama mgeni, akanipa maji. Nikasoma yote. Pale kwenye "moja kwako" nilirudia. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza, "Ingekuwa yangu peke yangu, ungekuja?"

Sijawahi kumwongopea, sikuweza kuanzia hapo. Nikaikunja barua.

Kurudi amekataa. Lakini Kitinda hawezi kwenda chooni bila kushikwa, kwa hiyo nimehamishia zana zangu huku, namchomelea vishikio vya ukutani. Nalala sebuleni. Shangazi yako nimemwambia ukweli. Haamini, na mimi nimechoka kumbembeleza.

Jana kishikio kimoja kilikuwa kirefu, kikanishinda mikono. Mama yako akaja akashika upande wa pili mpaka nikamaliza.

Barua ijayo usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Baba yako