Muhuri wa Kidani

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama si mzima, basi angalau unaweza kukaa ukaisoma. Mimi sijambo. Mama hajambo upande mmoja, na si utani: Novemba alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia haisikii, na maneno yanamtoka mawili matatu kwa siku.

Anwani yako nimepewa na fundi saa, yule mliyekuwa mkipanga naye chumba cha kazi. Aliitoa kwa shida. Nilimkalia mlangoni mpaka akachoka. Miaka ishirini na moja sijakuandikia, nawe hujaniandikia, kwa hiyo tusilaumiane.

Nina shida moja. Hospitali wanataka mama afanye mazoezi ya viungo mara tatu kwa wiki. Nashona sare za shule kutwa nzima, lakini cherehani yangu haiwezi kulibeba hilo. Juzi mama alininyooshea mkono wa kushoto kuelekea juu ya kabati. Nikashusha kopo la biskuti. Ndani mna bangili mbili za dhahabu, hereni jozi moja, pete yenye kijiwe chekundu, kikuku cha fedha na kile kidani cha harusi yenu. Akasema, "Uza." Baada ya kama dakika nzima akaongeza, "Muulize baba."

Nimepita kwa masonara watatu, nimepewa bei tatu. Wa kwanza alivirundika vyote kwenye mizani kama anapima nyanya. Wewe ndiye fundi. Niambie vina thamani gani, au nitaijuaje mwenyewe, nisije nikaibiwa mchana kweupe.

Zaidi ya hayo mama hajasema lolote juu yako.

Binti yako


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mwa posta mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Afya yangu ni ya kizee. Macho yameingia ukungu, siku hizi nakaza vijiwe vilivyolegea na kubadilisha vishikizo vya mikufu, basi. Pole sana kwa mama yako. Ningesema zaidi, lakini sina uso wa kusemea.

Nisikilize kama zamani, ulipokuwa ukikaa juu ya ndoo kando ya meza yangu, unabonyeza sahani ya mizani kwa kidole ili dhahabu ya wateja iwe nzito. Nilikuita Kidole. Sijui kama unakumbuka.

Vioshe vyote kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uvikaushe, kisha utafute muhuri: ndani ya bangili, ndani ya pete, kwenye kishikizo cha kidani. Ukiona 916 ni karati ishirini na mbili. 750 ni kumi na nane. 375 ni tisa tu, yaani zaidi ya nusu yake si dhahabu. Kikuku kikiwa na 925, hiyo ni fedha halali. Pitisha sumaku, dhahabu na fedha hazivutwi. Ila sumaku haimalizi kesi, maana hata shaba haivutwi.

Kila karati ipimwe peke yake. Yule aliyevirundika alitaka akulipe vyote kwa bei ya kile cha chini. Mizani isome sifuri kabla hajaweka kitu, na uso wake ukuelekee wewe. Kijiwe cha pete ni kioo, nilikiweka mwenyewe; akitoe kwanza, uzito wake si dhahabu.

Halafu uliza bei ya gramu ya dhahabu safi ya siku hiyo. Gramu ya 916 ni kama sehemu tisa kwa kumi za bei hiyo. Sonara atapunguza kidogo, naye ana watoto. Akipunguza sana, mwambie ahsante, uende zako. Ufundi hawalipi, mwanangu. Wananunua kitu cha kuyeyusha, na yale maua niliyoyachonga mpaka shingo ikakakamaa hayana bei. Fedha nayo ni rahisi, usitegemee kikuku kikuvushe.

Kidani kiache kwanza. Anza na bangili.

Baba yako, kama jina hilo bado lina nafasi


8 Machi

Baba,

Shikamoo. Huku tunasukuma siku. Mama ameanza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Mara nyingi kinakwenda puani, tunacheka wote. Kicheko chake kimepinda lakini ni kilekile.

Nilifanya ulivyosema. Sonara wa nne ana duka dogo nyuma ya soko. Aliponiona nimekodolea sifuri akauliza, "Dada, nani kakufundisha?"

"Baba yangu. Fundi."

Nililisema kwa kujidai, Baba, hata nikajishangaa. Bangili kweli ni 916, mbili pamoja gramu ishirini na moja. Hereni na pete 750. Kijiwe ni kioo. Alivuta, nikavuta, akacheka, tukaelewana. Mazoezi ya miezi minne yamepatikana.

Hapo ningerudi nyumbani. Lakini kidani nilikuwa nacho kwenye pochi, kizito, nikasema moyoni kupima si kuuza. Muhuri wake ni 916, na kando yake ile alama yako ya jani. Sonara akakikwangua kidogo kwa tupa, akakisugua kwenye jiwe jeusi, akadondoshea tindikali. Mstari wa dhahabu ukafutika mbele ya macho yangu. Akarudia upande wa pili. "Karati tisa," akasema. "Tena nikikuhurumia."

Akanitazama kama mimi ndiye niliyekuja kumwibia. Walikuwepo wateja wawili. Akasema kwa sauti, "Aliyepiga muhuri huu ni mwizi."

Nikamwambia aliyepiga muhuri huo ni baba yangu na si mwizi, na kama jiwe lake limechoka anunue jingine. Nikakitia kidani kwenye pochi, nikatoka.

Baba, jiwe linaweza kukosea?

Binti yako


11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mwezi umepita. Ningedhani unaumwa, lakini fundi saa anasema mliongea kwa simu wiki iliyopita na u mzima.

Mama amelazwa tena, safari hii mapafu. Nilimuuliza habari ya kidani, akafumba macho. Nilipouliza mara ya pili akageuzia uso ukutani, na kujigeuza kwake ni kazi ya dakika tano.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Binti yako


30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe, mkono ulikataa. Barua hii nimeianza mara sita. Pole ya mama yako naileta tena, ingawa utakapomaliza kusoma huenda usiitake.

Jiwe halikukosea.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu mno, lakini imefika.

Nilipomposa mama yako, bibi yako alinipa bangili zake nne, karati ishirini na mbili, niziyeyushe nimtengenezee binti yake kidani. Wakati ule nilikuwa fundi wa kuajiriwa, hata koleo nilikuwa naazima. Nikatoa zaidi ya nusu ya dhahabu ile, nikajaza shaba na fedha mpaka uzito ukatimia, nikakichovya dhahabu juu kikang'aa kuliko haki. Muhuri nikaupiga kwa mkono huu ninaoandikia. Kwa niliyoibakiza nikanunua mizani na ile meza uliyokuwa ukikaa kando yake. Nilijiambia mwakani nitakitengeneza upya. Kila mwaka nikajiambia mwakani.

Unamkumbuka mdogo wako. Kifua kilipombana, hospitali ilitaka malipo kwanza ndipo awekwe kwenye mashine ya kupumulia. Mimi nilikuwa safari, nimefuata vifaa vya kazi. Mama yako alimwachia jirani mtoto pale hospitali, akakimbia na kidani kwa sonara. Akaambiwa ulichoambiwa wewe, pengine kwa maneno hayohayo. Akarudi, akaanza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine, anaomba. Pesa zilitimia kesho yake adhuhuri. Mtoto alikuwa ameshakufa asubuhi.

Daktari aliniambia hata zingepatikana mapema, huenda zisingemfaa. Hilo "huenda" nimelishikilia miaka ishirini na moja. Halinibebi.

Tulipotoka kuzika, mama yako alikitoa kidani akakiweka mezani mbele yangu. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningebaki, naapa. Alinyamaza tu, akaenda kukulaza wewe. Nikaondoka kabla hujaamka.

Sikujua kwamba alikitunza. Nilidhani alikitupa siku ileile. Na wewe umesimama dukani kwa watu ukanitetea. Barua yako niliposoma mahali hapo, mwanangu, niliiweka chini nikatoka nje.

Baba


16 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mama yako je? Sina haki ya kudai jibu, kwa hiyo sidai.

Nimeuza mizani, meza na vifaa vyote. Macho yenyewe hayavihitaji tena. Nimepiga hesabu ya ile dhahabu niliyoitoa, gramu kwa gramu kwa bei ya leo, na pesa zake nimempa dereva wa basi, shemeji yake fundi saa. Atakukabidhi mkononi. Usione kwamba ninanunua kitu. Ni mali ya bibi yako, inarudi kwenu.

Niambie tu mama yako anaendeleaje.

Baba


22 Julai

Baba,

Shikamoo. Mama amefariki. Ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, ninamchana nywele. Nilisikia kichwa kimekuwa kizito mkononi.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa sikutaki. Barua yako ya Aprili niliisoma nimejifungia chooni kazini. Siku nzima iliyofuata nilishona mikono ya mashati kinyume, ikabidi nifumue yote. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia na mama kwa kunituma kwako wakati anajua. Pesa zako zilipofika nilitaka kumrudishia dereva palepale. Lakini mama alikuwa na vidonda vya kulala mgongoni. Nilizipokea. Nikamhamishia chumba chenye dirisha, nikamwekea mtu wa kumgeuza ninapokuwa kazini. Amekaa hapo siku ishirini na saba, na vidonda vilikuwa vimeanza kukauka. Ujue hivyo.

Siku ya tatu ya chumba kile nilimsomea barua yako ya Aprili yote. Nilipofika kwa mdogo wangu nikaacha kusoma. Akanipigapiga gotini kwa mkono wake wa kushoto, niendelee. Nilipomaliza niliikunja barua. Kisha akasema, "Sikumfukuza."

Nikangoja. Unajua sasa maneno yalivyokuwa yakimgharimu.

"Nilitaka aseme." Nikamfuta mate. "Halafu tulie. Wote."

Nikamuuliza, "Nimwandikie hivyo?" Akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimeshasimama nichukue beseni aliposema la mwisho: "Nimelia peke yangu."

Siku hiyo hakusema jingine, wala kesho yake. Nami nilikaa na maneno hayo zaidi ya wiki tatu nisiyaandike, kwa kisirani tu, nikiona acha na wewe ungoje. Nilidhani tuna muda. Hilo ni kosa langu, nalikiri kwako kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia.

Hukufukuzwa, Baba. Miaka yote hiyo nilidhani mlifukuzana.

Sijui kama nimekusamehe. Nikiwa nashona naona nimekusamehe. Cherehani ikinyamaza naona bado. Usinihimize.

Tulikuwa wachache kumzika. Fundi saa alishika jeneza upande mmoja na majirani wakashika kwingine. Tumemlaza pembeni ya mdogo wangu. Kaburi la mdogo wangu lilikuwa limedidimia, limefunikwa na majani, ilibidi nilitafute kwa kupapasa kwa miguu mpaka nikagusa jiwe. Linahitaji kuinuliwa na kupaliliwa, na mikono yangu miwili haitoshi.

Basi la kutoka kwenu linaondoka Alhamisi ya wiki ijayo alfajiri. Panda. Usije na kitu. Shuka kituo cha mwisho, nitakuwa nimesimama karibu na dirisha la tiketi, nimefunga kitambaa cheupe. Ukiniona usinishike wala usiseme neno pale kituoni, nisije nikaanguka mbele za watu. Nifuate tu. Makaburini si mbali, ni mwendo wa robo saa. Tukifika huko, sema utakalosema.

Mwanao