Faili la Nsimire

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, na roho yangu nzito.

Leo kundi letu limekutana kwangu, hapa mtaani Nyawera. Tuko familia tano tunaofundisha watoto nyumbani tangu vita vilipoingia mjini. Kila Jumatano tunawakusanya katika sebule moja: mimi nafundisha Kifaransa, na Maman Nsimire, mama yake Nsimire, hesabu. Siku hizi siwezi kufikiria wiki bila wao.

Mtihani wa darasa la sita haufanywi bila kuandikishwa na shule, kwa hiyo shule moja ya jirani ilikubali kuwaweka watoto wetu wanne kwenye orodha yake. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupeleka mafaili. La Nsimire lilikosa picha. Mama yake aliniletea Jumapili moja, miezi kadhaa iliyopita, baada ya misa; nikaitia ndani ya kitabu changu cha nyimbo, nikaendelea kusalimiana na watu.

Nikaisahau.

Nilipoikuta, orodha ilikuwa imefungwa, na faili lake bado lilikuwa kwangu. Wenzake watatu wamefanya mtihani juma lililopita, yeye akabaki nyumbani.

Kinachonitia aibu zaidi ni hiki: mama yake alipodhani shule ndiyo iliyopoteza faili, sikumsahihisha. Nilikunja uso, nikailaumu pamoja naye shule iliyotupokea kwa hisani.

Leo wale watatu wanapumzika makwao baada ya mtihani. Nsimire amekuja na mama yake, viatu vimelowa, daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Mama amekaa jikoni kwangu akichambua sombe, majani ya muhogo, akaniambia polepole:

"Haina maneno, Maman Aline. Atarudilia mwaka. Kama haikukuwa wewe, huyu mutoto hangejua hata kusoma."

Nimesingizia kwenda chumbani kutafuta kalamu. Nimelia nyuma ya mlango.

Niliporudi sebuleni kumsomea imla, Nsimire aliniuliza bila kuinua macho:

"Maman Aline, ile shule iliona mimi siko na akili?"

Nimemwambia hapana. Ameitikia kwa kichwa, kisha ameandika kwa herufi ndogo ndogo, akifuta kila mstari hata ule uliokuwa sahihi.

Kumbe miezi yote hii mtoto amekuwa akijihukumu kwa kosa langu.

Ninaogopa. Mama yake ni rafiki yangu wa karibu, na akiondoka, kundi litavunjika. Lakini kesho asubuhi nitapanda hadi kwao. Nitamwambia mama yake, halafu nimwambie Nsimire mbele yake: hakuna aliyekukataa, mwanangu. Jina lako halikufika, kwa sababu mimi sikulipeleka.