Baba yake Uweso kwenye kitabu changu

Lea shoga yangu, nimetoka kuzindua kijitabu changu Pangani.

Si unajua tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikiandika habari za Bi Mwatumu, aliyejitolea kuwafundisha wanawake wa Mwera kusoma mwaka 1956? Uweso, mwanafunzi wangu wa zamani, akasema atasimamia uchapaji. Leo nafungua kitabu, mwanzilishi wa darasa ni baba yake! BABA YAKE, Lea! Mtu aliyevunja vibao vya kuandikia vya wanawake mlangoni kwa Bi Mwatumu!

Nikamuuliza palepale ukumbini. Akacheka. "Mwalimu, watu wa wakati ule wote wameshakufa. Nani atauliza?"

Wameshakufa! Na mama yangu amekaa mstari wa mbele, miaka tisini na mbili, masikio mazima.

Akasimama. "Mimi sijafa. Baba yako alivunja kibao changu, nikajifunza kuandika mchangani."

Uweso akajifanya anapigiwa simu, akatoka. Hata samahani hakusema. Mtu mchafu, wallahi.

Vitabu vyote nimevirudisha nyumbani. Mama ameshika kalamu, anakata jina lile kitabu kimoja kimoja, juu yake anaandika Mwatumu. Hataki nimsaidie.